Leopold Hruska: Miaka Arobaini na Mitano Tanuruni na Jumapili Moja Uwanjani

Tarehe 30 Aprili 1964 Leopold Hruska, msimamizi wa zamu ya kwanza katika ukumbi wa tanuru, anastaafu baada ya kukitumikia Kiwanda cha Vioo cha Tolliver kwa miaka arobaini na mitano. Wiki hiyohiyo atahamia Brantley, ng'ambo ya mto, kuishi na mdogo wake Anton. Habari hii ya pili imewashtua vijana wengi kuliko ile ya kwanza. Mmoja wao alikuja kuniuliza, kwa sauti ya chini, kama mzee ni mzima. Mtu aliyeipokonya Brantley ubingwa anawezaje kwenda kuishi Brantley? Kwa kuwa nilikuwepo, nimepewa kazi ya kueleza.

Leopold alizaliwa hapa Tolliver mwaka 1899, mtoto wa kwanza wa Josef na Bozena Hruska, Wacheki wa mtaa wa juu nyuma ya kanisa. Alitoka jeshini mwaka 1919 akaingia kiwandani moja kwa moja, akaanza kwa kusukuma mikokoteni ya mchanga. Mwaka 1934 akafanywa msimamizi wa zamu. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akifoka. Akitaka kumkemea mtu humwita kando, humuuliza habari za mkewe na watoto, halafu humweleza kosa lake taratibu. Mtu hurudi kazini amekemewa na bado anashukuru. Mimi yamenipata mara nyingi.

Wageni hugundua upesi kwamba Leopold akitamka neno lenye herufi "s" hutoka kimluzi kidogo. Hapo ndipo hadithi ya msimu wa 1922 inapoanzia.

Wakati ule mpira wetu wa mikononi, huu wa kugongana mabega na kuvuka mstari wa mwisho, ulikuwa umeanza tu kuchezwa kwa malipo. Ligi ilikuwa ya miji midogo kama wetu. Malipo yenyewe yalikuwa madogo. Jumapili tulicheza tumevaa kofia za ngozi, Jumatatu tulirudi tanuruni tukichechemea. Kocha wetu alikuwa Cyril Maddock, kinyozi, aliyepanga mbinu zake huku akiwanyoa wateja, na wateja wakitoka pale wamekatwa vibaya tulijua tunakwenda kucheza na timu ngumu. Mimi nilikuwa mkimbiaji wa pembeni. Leopold alikuwa mstari wa mbele, upande wa kushoto, na kazi yake ilikuwa moja: mtu asipite.

Msimu ule hawakupita. Tulishinda mechi baada ya mechi, tukapoteza moja tu, kwenye mvua. Brantley nao walikuwa wamepoteza moja tu. Ikabaki Jumapili ya mwisho, mwanzoni mwa Desemba, uwanjani kwetu, na mshindi ndiye angekuwa bingwa wa ligi nzima.

Tatizo lilikuwa Anton. Alikuwa amevuka mto mwaka uliotangulia kuoa msichana wa Brantley, akapata kazi kwenye kiwanda cha vyungu cha huko, na timu yao ikamchukua siku ileile ilipoona mabega yake. Alicheza mstari wa mbele upande wa kulia. Kwa lugha nyingine, angesimama uso kwa uso na kaka yake mechi nzima.

Mama Bozena, ambaye alikuwa mjane tayari, hakuupenda mpira. Msimu uliotangulia alikuwa amemwona jirani yake akivunjika mkono uwanjani na kukosa kazi majira yote ya baridi. Anton alikuwa na mtoto mchanga. Kwa hiyo Jumamosi mama aliwaita wanawe wote wawili jikoni kwake.

"Kesho jioni mtakula hapa," alisema. "Lakini atakayemvunja mwenzake mfupa, asikanyage nyumba hii. Mmenisikia?"

"Tumesikia, mama," walijibu wote wawili. Mmoja alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwingine ishirini na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeweza kupita mlango ule bila kuinama.

Jumapili uwanja ulikuwa tope tupu. Nusu ya kwanza ilipoanza niliona jambo ambalo sijaliona tena maishani. Mpira ukianzishwa, wanaume wengine wote ishirini wanagongana kama mafahali, na katikati yao akina Hruska wawili wanashikana mabega kama watu wanaocheza dansi harusini. Leopold akiegemea, Anton anaegemea. Anton akirudi nyuma, Leopold anamfuata polepole. Watu wa Brantley waliokuwa ukingoni walianza kuuliza kama hao ndugu watafunga ndoa.

Tulikwenda mapumziko hakuna aliyepata kitu. Maddock alikuwa amevimba kwa hasira.

"Leopold, unacheza au unampokea mgeni?" alimuuliza. "Nikuletee kiti umkaribishe?"

"Kocha, mama amekataza."

"Mama amekataza ubingwa?"

Leopold aliangalia viatu vyake. Nilimwonea huruma. Angecheza kwa nguvu, angeweza kumwondolea ndugu yake kazi na mtoto wake maziwa. Angeendelea vilevile, sisi wenzake tungepoteza kitu tulichokitolea jasho tangu Septemba. Alikuwa bado amesimama hivyo tulipomwona Mama Bozena akishuka kutoka kwenye viti vya mbao, kapu la mikate ya mbegu za mpopi mkononi, akikata uwanja katikati ya matope. Akampita Maddock kama mtu apitavyo mlingoti. Akamwita na Anton kutoka upande wa pili, na Anton akaja mbio.

"Nilisema msivunjane mifupa," alisema. "Sikusema mtembee kama mnapeleka mayai sokoni. Watu wamesimama kwenye baridi hii waone mpira, nyinyi mnabembelezana. Mnanitia aibu mbele ya padri."

"Sasa tufanye nini, mama?" Anton aliuliza.

"Mcheze. Baba yenu hakufanya kazi nusunusu hata siku moja."

Akawapa kila mmoja mkate, akarudi kukaa.

Nusu ya pili ilikuwa mambo mengine. Mgongano wao wa kwanza ulisikika hadi barabarani. Anton, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, alianza kumchokoza kaka yake kila walipoinama kungoja mpira.

"Poldi, miguu imechoka? Nikubebe?"

"Funga mdomo, tope litaingia."

"Mama anakuangalia, kaka. Simama vizuri."

Walisukumana hivyo mpaka jua likaanza kuzama, na bado hakuna aliyefunga. Zilibaki dakika chache tulipofika karibu na milingoti yao. Maddock akaamua tuupige mpira upite kati ya milingoti, pigo lenye pointi tatu. Mpigaji wetu, tarishi Fenwick Doyle, alihitaji nafasi ya kuudondosha mpira chini na kuupiga mara tu unapogusa ardhi, na kwenye tope lile hilo si jambo la haraka. Brantley wote walijua nani angetumwa kumzuia. Anton alichuchumaa mbele ya kaka yake, na kwa mara ya kwanza jioni ile akanyamaza.

Mpira ulianzishwa. Anton aliruka kwa nguvu zake zote, kichwa mbele, na kichwa hicho kikampata Leopold mdomoni. Leopold hakurudi nyuma. Alimbana mdogo wake kwa bega, akachimba visigino kwenye tope, akasimama pale kama ukuta wa tanuru. Mpira ulipita juu ya vidole vya Anton, labda kwa upana wa kiganja, ukaenda katikati ya milingoti. Tatu kwa sifuri. Tulikuwa mabingwa.

Watu wakavamia uwanja. Nilipowafikia akina Hruska walikuwa wamepiga magoti wote wawili, wakipapasa tope.

"Mnatafuta nini?" niliwauliza.

"Jino lake la mbele," alisema Anton. Alikuwa karibu kulia, na sidhani ilikuwa kwa sababu ya kushindwa. "Orrin, tusaidie. Mama ataniua."

Hatukulipata. Jioni nilialikwa kula nao, kwa hiyo niliisikia hukumu kwa masikio yangu. Mama Bozena alimkalisha Leopold karibu na taa, akamfungua mdomo, akatazama kwa muda mrefu. Anton alibaki mlangoni, kofia mkononi, hathubutu kuingia.

"Jino si mfupa," mama alisema mwishowe. "Ingia, chakula kinapoa."

Tulikula nyama ya nguruwe, kabichi chachu na madonge laini ya unga, na mtafunaji mmoja alitumia upande mmoja tu.

Miaka miwili baadaye timu yetu ilikufa. Miji mikubwa iliichukua ligi, na Tolliver haikupata ubingwa mwingine. Ndugu hao hawakupotezana. Mafuriko ya 1937 yalipofika kwenye ngazi za kiwanda, Leopold alikaa siku nne akilinda tanuru lisizimike, na mashua ya kwanza kuvuka ilimleta Anton na wenzake wa Brantley, na magunia ya mchanga. Irma, mke wa Leopold, alipofariki mwaka juzi, Anton alivuka mto kila Jumapili kuja kukaa naye. Mke wa Anton naye hayupo tena. Nyumba ya Anton ina vyumba vitano na mtu mmoja. Ndiyo sababu Leopold anahamia Brantley, vijana. Mzee ni mzima kabisa.

Leopold, kwa niaba ya zamu zote tatu, asante kwa kutufundisha kazi bila kutudhalilisha, na kwa kuturudisha nyumbani sote salama kila siku uliyotusimamia. Tanuru tutalitunza. Kesho kutwa amka saa uitakayo, kunywa kahawa yako ikiwa moto angalau mara moja, na umwache Anton aongee. Tunakutakia maisha mema na marefu.

Orrin Stadler, Idara ya Ufungashaji