Salomea Wojnar, Aliyezikwa kwa Jina la Klara

Baba padri, majirani, ndugu waombolezaji, asiyeamini haya nitakayosoma anyooshe mkono sasa hivi abishe mbele ya jeneza, maana mimi Teodor, mdogo wa marehemu, niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mitatu, lakini kwa mdomo nimewashinda wengi wenu wenye vyeti, na familia imeniachia mimi kuisoma karatasi hii kwa kuwa baba kila akiishika inalowa.

Marehemu alizaliwa tarehe 15 Novemba 1921, hapa hapa Tarnów, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Walenty, fundi viatu, na mama Rozalia, na kwa kuwa keshokutwa yake kalenda ya kanisa ilikuwa na Mtakatifu Salomea, jina halikutafutwa, lilikuja lenyewe, na tangu hapo kila tarehe 17 Novemba kwetu palikuwa na keki ya asali, maua na wimbo wa kumtakia miaka mia, kwani siku ya kuzaliwa mtu anaweza kuisahau, lakini anayesahau siku ya jina la ndugu yake hasamehewi hadi mwaka mwingine.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1928 hadi 1935, kisha sekondari ya wasichana mpaka Wajerumani walipoifunga Septemba 1939, na kwa hesabu alikuwa wa kwanza darasani, jambo alilonisimanga nalo kila siku, akilifupisha jina langu, "Dorek, hesabu zako zinaishia vidoleni, ukivaa glavu umekwisha."

Mwaka 1940 aliajiriwa katika kiwanda cha udobi kilichofua sare za Wajerumani, na Machi 1942 alikula kiapo cha jeshi la siri lililopigana na Wajerumani, akapewa kitambulisho cha Klara Drozd na chumba ghorofa ya tatu, katika nyumba aliyoitunza mama Pelagia Kuś, mfagia ngazi na mshika funguo za lango. Hapa ndipo mtabisha, basi bisheni: dada yangu alisafirisha redio ya mawasiliano ndani ya kigari cha mtoto mchanga, na askari wa Kijerumani ndiye aliyemsaidia kukipandisha garimoshini, akahema, "Mama, mtoto wako mzito!" naye akamjibu bila kupepesa, "Kamfuata baba yake, mlafi yule."

Kuhusu ndoa, Juni 1943 alichumbiwa na Hilary Mróz, seremala, harusi ikasubirishwa vita viishe, lakini Septemba Wajerumani wakamsimamisha Hilary ukutani na kumpiga risasi, hivyo hawakujaliwa watoto, na shela ambayo mama alikuwa ameifikisha nusu ndiyo hiyo mnayoiona juu ya jeneza.

Marehemu hakuugua. Tarehe 18 Novemba 1943, saa moja asubuhi, polisi wa siri wa Kijerumani walipanda moja kwa moja ghorofa ya tatu wakimwita Salomea, naye, ili asije akataja mtu, akaruka dirishani, akalazwa hospitali chini ya ulinzi wa askari wawili, na tarehe 20 Novemba, saa kumi alasiri, akafariki akiwa na miaka ishirini na miwili, akazikwa kama Klara, mpaka leo, tarehe 21 Aprili 1945, tulipomfukua na kumleta kwao.

Familia inamshukuru Daktari Eustachy, aliyemwongezea dawa ya usingizi kila walipokuja kumhoji, wenzake wa kiwanda cha udobi, ambao hata mmoja hakukamatwa, na majirani waliotulisha viazi vyao.

Karatasi inaishia hapo, nami ndiye niliyeiandika, na kuna kipande nilikiacha.

Mnasema mama Pelagia ndiye aliyemuuza, Januari, Wajerumani walipokimbia, mlimnyoa nywele uani kama msaliti, Jumatatu anapelekwa mahakamani, na asubuhi hii shangazi Genowefa kamtoa langoni, "Toka hapa, umekuja kukagua kazi yako?" Basi sikilizeni. Nilikatazwa kukanyaga nyumba ile, lakini tarehe 17 ilikuwa siku ya Salomea, na mimi nilikuwa nimejigamba mezani kwamba Mjerumani hanitishi, nikachukua maua ya makaburini, maana Novemba hakuna mengine, nikapanda ngazi nikiimba kwa sauti yote, "Miaka mia, Salomea!" Mama Pelagia akanidaka kola, "Mlevi we, humu hamna Salomea, umekosea nyumba!" akanitoa nje, na mimi nikamcheka. Ghorofa ya chini karani wa ofisi ya Wajerumani alikuwa amefungua mlango. Alinitazama, akaufunga polepole.

Januari, mkasi ulipokuwa kichwani mwa mama yule, aliyemshika mikono ni mimi. Aliinua macho, nikajua sasa atanitaja, akaninong'oneza, "Mama yako kabakiwa na mtoto mmoja," na jina langu hakulitaja.

Shangazi, kamfungulie lango, aje amwage udongo kabla yangu. Jumatatu nitasimama mimi pale mahakamani.

Siku yako sikuisahau, dada. Laiti ningeisahau. Pumzika sasa, Salomea, kwa jina lako mwenyewe.