Sisi Tulioandikiwa Januari Mosi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mganga Mfawidhi, masheikh na mapadri wetu, wafanyakazi wenzangu, ndugu wageni mliotoka Mikindani na kule mtoni Ruvuma: Assalamu alaykum, na Tumsifu Yesu Kristo.

Mmenisifu mpaka nimeona haya. Miaka thelathini na mbili nimetunza kumbukumbu za wagonjwa hapa, na leo naondoka na hofu. Niacheni niiseme.

Mnamwona Ilda, pale mlangoni, Nelio mgongoni? Machi iliyopita alijifungua, damu ikakataa kusimama. Kadi hana. Muuguzi Mwanahamisi, sindano mkononi, akamtafuta kwenye kompyuta, aone kama kuna dawa inayomdhuru, kwa jina na tarehe ya kuzaliwa: Januari mosi. Kompyuta ikaduwaa dakika saba.

Kwa nini? Kompyuta hukadiria kabla ya kutafuta. Ikidhani watu ni wachache, hupitia faharasa, ile orodha fupi ya tarehe, ikamfuata kila mmoja kwenye jalada lake. Ikidhani ni wengi, husoma daftari zima toka mwanzo, maana kwa wengi hiyo ndiyo njia fupi. Lakini haiwahesabu watu saa ile. Huamini takwimu ilizochukua zamani. Zetu zilichukuliwa kabla hatujaingiza vitabu vya vijiji vya mtoni. Zilisema Januari mosi wapo thelathini. Kumbe ni elfu arobaini, nayo ikawafuata mmoja mmoja huku Ilda akitoka damu.

Nani aliwaandika hivyo? Mimi. Mtu akiniambia, "Nilizaliwa mwaka wa njaa, mikorosho ikitoa maua," naandika Januari mosi, naita anayefuata. Na nani alipaswa kuhuisha takwimu? Mimi huyo huyo, kila siku nikisema kesho.

Aliyemwokoa ni mama yake, Bi Celia, aliyechungulia dirishani akamwambia muuguzi, "Mwanangu, dawa hiyo usimchome. Walimchoma mwaka juzi, koo likavimba, nusura tumzike." Je, angekuwa shambani siku ile?

Takwimu nimezihuisha juzi. Lakini watu wanazidi kuandikwa, nazo zitachakaa tena. Danieli, wewe unayeshika kiti changu, waulize watu vizuri, na usiseme kesho. Naogopa, baba, wala sifichi. Hata kustaafu kwangu leo ni kwa tarehe ya kuandikiwa: Januari mosi. Siku nitakayoletwa hapa sijitambui, mtanitafuta kati ya wale elfu arobaini, na mama yangu hayupo tena wa kuchungulia dirishani.

Nawashukuru kwa kunitegea sikio.