Krismasi Isiyo na Kidari

Sogeeni wanangu, sogeeni karibu na kitanda, na wewe Revocatus zima hiyo simu, mama yako hana pumzi ya kushindana nayo leo. Msinitazame kwa huruma hivyo. Daktari amesema lake na mimi nimelikubali, lakini moyo wangu leo unarukaruka kama wa mtoto aliyeshonewa nguo ya sikukuu! Mnasikia harufu hiyo? Ni nsansa, majani ya kunde niliyoyaanika mwenyewe juu ya mawe hapo nyuma kabla miguu haijanigomea, na Rose, mke wako Elias, ameyatia karanga za kusaga mpaka yamekuwa mazito, yananata kwenye mwiko. Hicho ndicho chakula kikuu cha Krismasi hii. Nyama hakuna.

Niliona mlivyonuna asubuhi. Elias umetoka Buswelu na mbuzi wako, mdogo wako katoka Kirumba na wake aliyenona zaidi, mkawafunga getini mmoja huku mwingine kule, hata salamu hamkupeana. Nikasema hachinjwi hata mmoja! Kisa ni kidari. Baba yenu alipokuwa hai kidari kilikuwa chake, hakuna aliyehoji. Tulipomzika, Krismasi ya kwanza tu, Elias ukasema sasa ni cha mtoto wa kwanza, Revocatus ukasema ni cha aliyemnunua mbuzi, mkavutana sahani mbele ya wageni mpaka nyama ikaanguka chini. Jamani! Watoto niliowanyonyesha mwenyewe! Tangu hapo kila mtu anakula sikukuu kwake, na mimi hapa Ilemela nakula na redio. Iliniuma, wanangu, iliniuma sana.

Basi juzi juzi hapa, Diwali, Manjula jirani yangu akanialika, na mnajua kwao nyama haikanyagi mlangoni. Nilikwenda nikijua nitarudi na njaa. Thubutu! Dengu, mabilinganya, wali wa njegere, viazi vya bizari, na wakwe na wajukuu wote wanachota bakuli moja, hakuna anayechungulia sahani ya mwenzake kuona kapewa kipande gani. Nikaangua kicheko peke yangu, Manjula akadhani nimepaliwa. Nikajiambia, we Sabina, dawa si hii hapa? Kunde hazina kidari, hazina paja, hazina kichwa cha kugombea!

Kwa hiyo sikieni neno langu. Nyumba hii msiiuze wala msiigawe, ni ya kukutania. Mbuzi warudi walikotoka. Nyama kaleni siku nyingine zote, sijamkataza mtu. Lakini Krismasi mje hapa, wote, na watoto, muipike nsansa kwa karanga, au kunde na boga, Rose anajua mkono wangu, na ninyi wanaume mtamenya karanga, msijifanye wageni. Atakayeleta nyama siku hiyo alale nayo getini.

Ngoja... ngoja nipumue. Rose, leta chungu, mwanangu. Kiweke hapa kitandani, katikati yao. Shuka litachafuka, na lichafuke!

Mungu awape maisha marefu, awape watoto wanaopendana, na mikono yenu isichoke kupeana. Mimi naondoka... naondoka na furaha, mjue hivyo.

Macho yameingia kiza. Nani kashika upawa? Elias? Unampakulia nani, baba? Sema kwa nguvu, sisikii vizuri.

Mdogo wako? Umeanza na mdogo wako!

Ee Mungu wangu, asante... Jaza, Elias, jaza sahani... Haya Revo, pokea. Usililie kwenye chakula, mwanangu. Kula.