Bwana Apolinaria Aenda Lyon

Asiyelijua benchi la Kabir hajaishi Tabora, amepita tu. Liko mjini, kona ya kuelekea sokoni, mbele ya duka la vipuri vya baiskeli, ubao mmoja wa mninga uliosuguliwa ukang'aa na makalio ya watu wasio na haraka. Alasiri ikishapita, Shaban hutua dele lake la kahawa hapo, na dunia nzima huanza kupangwa upya. Siku hiyo wanakijiwe waliwahi, maana Mzee Wenceslaus, mnunuzi wa asali ya Ipole ambaye kijiwe kizima kinamwita Mzinga, alikuwa na jambo zito. Binti yake Magreth amejifungua huko Lyon, Ufaransa, na mtoto anabatizwa mwezi ujao. Ndege itawashusha Paris yeye na mkewe. Kutoka hapo ni treni ya mwendokasi, na tiketi zake alitaka kuzikata akiwa amekaa palepale kwenye benchi.

— Kwa nini Magreth asiwakatie mwenyewe? aliuliza Kabir, mwenye duka, ambaye kadi yake ya benki ndiyo pekee pale kijiweni inayosikilizwa ng'ambo. Si yuko hukohuko?

— Mtoto amkatie baba yake tiketi? Mzinga alikunja uso. Mimi bado nina meno yangu.

— Haya, mzee. Simu hii hapa. Paris mpaka Lyon, watu wawili.

— Subiri kwanza!

Aliyesema subiri ni Justus, ambaye jina lake la kijiweni ni Behewa. Huyu alifanya kazi ya kupanga abiria kwenye treni ya zamani mpaka akastaafu, na tangu astaafu hajaacha kupanga watu.

— Mzinga, utakaa na mkeo vipi? Treni ni treni. Chumba cha wanaume mbali, chumba cha wanawake mbali. Nimewatenganisha watu mimi! Bwana harusi na bibi harusi wake, nguo za harusi bado mwilini, yeye kule, bibi kule.

— Hiyo si ya kwetu, daraja la pili? alisema Kabir.

— Kwani reli walituletea kina nani? Wazungu. Na sheria walituletea kina nani? Walewale. Sasa unadhani kwao wameifuta?

Hapo Mzinga aliweka kikombe chini. Jambo hili hakuwahi kumwambia mtu, na benchi la Kabir si mahali pa kuliambia: tangu aoane na Apolinaria hajawahi kukaa naye safarini. Kila walipokwenda Dar, kwa harusi au kwa hospitali, waliagana stesheni ya Tabora kama watu wanaokwenda nchi mbili. Yeye alilala na wanaume wanaokoroma. Mkewe alilala na wanawake waliocheka mpaka Saranda, na asubuhi alishuka na marafiki wapya watatu na hadithi ambazo mumewe hakuzielewa kichwa wala mguu. Alimwonea wivu. Safari hii alitaka dirisha moja, viti viwili, na mama Magreth ubavuni.

— Mke wangu hajui Kifaransa, alisema. Hawezi kukaa peke yake.

— Wewe unakijua? aliuliza Behewa.

— Nimesema mke wangu.

Damas aliyekuwa anamung'unya kashata alikohoa kuomba nafasi. Huyu wanamwita Ushahidi, kwa sababu anao wa kila kitu isipokuwa kitu chenyewe.

— Kukaa chumba kimoja si tatizo. Tatizo ni mwendo. Treni ile haisimami. Inapunguza tu, nyie mnarukia.

— Na mizigo? aliuliza Mzinga.

— Mizigo inatangulia jana yake. Nina ushahidi. Tena usiongee ndani. Mwendo ule ni mkali, neno ukilisema kiti cha mbele linapokelewa na mtu wa kiti cha nyuma. Utamwambia mkeo nakupenda, ataitikia bibi wa Kizungu asiyekujua.

— Basi wanatenganisha kwa sababu hiyo! Behewa alipiga paja. Kuepusha ugomvi!

— Na vituoni wanauza nini dirishani? Kuku? Mayai? Shaban naye aliuliza huku akisuuza vikombe.

— Madirisha hayafunguki, alisema Kabir. Hilo nalijua kweli.

Benchi zima lilitikisa kichwa kwa majonzi. Treni isiyouza kuku dirishani! Mzinga aliamua moyoni kwamba wenye treni hiyo ni watu wanaoweza kumtenganisha mtu na mkewe bila hata kupepesa.

— Sasa nifanyeje?

Behewa aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akashusha sauti.

— Kabir, hapo kwenye simu wanauliza jinsia?

— Wanauliza. Bwana au Bibi.

— Mama Magreth mwandike Bwana.

— Astaghafirullah! alishtuka Kabir.

— Mwandike Bwana! Mtambo utaona wanaume wawili, utawaweka pamoja. Wakishaingia, wameingia. Nani atamshusha mama wa watu treni inakimbia?

— Hata kuruka hawezi, alikubali Damas. Lakini angalieni msiharibu. Ukizikata zote kwa simu moja, jina la ukoo moja, mtambo unajua hawa ni mume na mke, mmoja kajificha. Kata moja kwa simu yako, nyingine kwa simu ya Mzinga. Wajifanye hawajuani.

— Hapo umesema! Behewa alimpa mkono. Leo ushahidi umeuleta.

Kabir alimtazama Mzinga. Mzinga alitazama kikombe. Alijua kuna kitu hakijakaa sawa, lakini alimwona pia Apolinaria akipotelea kwenye mlango wa behewa la wanawake, kanga mkononi, bila kugeuka nyuma.

— Bonyeza, alisema.

Zikakatwa. Tiketi ya Mzinga kwa simu ya Mzinga, tiketi ya Bwana Apolinaria kwa simu ya Kabir, kadi ileile ya Kabir ikilipa zote mbili. Simu zililia moja baada ya nyingine, benchi likashangilia, na Mzinga akaagiza raundi nzima ya kahawa. Walikuwa bado wanapongezana alipotokea mama Magreth mwenyewe, anatoka jumuiya, rozari bado mkononi.

— Shikamoo mama, walisema Kabir na Damas, wakiinuka kidogo.

— Marahaba wanangu. Baba Magreth, umekata tiketi?

— Nimekata.

— Tuone.

Hakuna aliyempa. Aliichukua mwenyewe simu ya mumewe, akanyoosha mkono akapewa na ya Kabir, akavaa miwani. Alisoma ya kwanza. Alisoma ya pili. Akairudia ya pili.

— Huyu Bwana Apolinaria ni nani?

Shaban aligundua ghafla kwamba moto wake unataka kuchochewa. Behewa alifunga kamba za viatu, naye amevaa ndala.

— Ni wewe, alisema Mzinga.

— Mimi.

— Wanatenganisha, mama Magreth. Wanaume kule, wanawake kule. Behewa kasema.

— Mimi nilisema kwa jumla, alijitetea Behewa.

— Tukaona tukikuandika mwanamume, watatuweka pamoja. Mzinga alijua benchi zima linamsikiliza, akaona liwalo na liwe. Nilitaka nikae na wewe. Tumezeeka tunaagana stesheni. Sijawahi hata kukuona unavyosinzia kwenye treni. Nilitaka safari hii nikae na wewe, basi.

Mama Magreth alimtazama mumewe muda mrefu juu ya miwani, na uso wake ulilegea kwa namna ambayo kijiwe hakijawahi kuiona. Akasogeza kanga, akaketi kwenye benchi karibu naye, bega kwa bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hadharani.

Kisha mama Magreth akaziweka simu mbili juu ya magoti, sambamba, akaanza kusoma kwa kidole.

— Paris, Lyon, treni ileile, tarehe ileile. Vizuri. Hii ya Wenceslaus, behewa la tatu.

— Enhe, alisema Mzinga.

— Hii ya Bwana Apolinaria, behewa la kumi na sita.

Kabir aliinama kuangalia. Damas aliinama kuangalia. Chini ya namba hiyo kulikuwa na mstari mwekundu, na Kabir aliusoma polepole: tiketi hii haibadilishwi wala hairudishwi.

— Ni zile simu mbili, alinong'ona Kabir. Tungekata pamoja, wangekaa pamoja.

Mama Magreth alivua miwani. Alimtazama Behewa, akamtazama Damas, mwishowe akamtazama mumewe, wala hakukasirika, alitaka tu kuelewa.

— Sasa ndevu mlizoniotesha, aliuliza, ni za kazi gani?