Mguu wa Wandera Haukurogwa

Wapendwa waombolezaji, na nyinyi mnaonong'ona pale nyuma ya hema, kaeni mnyamaze, maana marehemu aliagiza haya yasomwe kabla udongo haujaguswa, nami Titus, shemeji yake, nitayasoma yote.

Mzee Chrispinus Wandera alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 hapa Matungu, mwana wa pili wa marehemu Osiako, akasoma hadi darasa la saba mwaka 1974, baba akafa, masomo yakafa naye, akashika panga. Alikata miwa, akawa nyapara wa wakataji, kisha akapanda miwa yake mwenyewe, na kutulia hakukujua, hata obusuma, ugali wetu, aliula amesimama, akiuliza trekta imefika wapi.

Tarehe 8 Desemba 1984 alimwoa dada yangu Alice kutoka Khwisero, wakajaliwa Maurine, Griffin na Beverly.

Mwaka 2021 mguu wa kushoto ulianza kumkamata kila alipotembea, akisimama unamwachilia, akienda unamkamata tena, kisha unyayo ukawa baridi kama jiwe la mtoni, na kidole kikatoka kidonda kisichopona. Hapo ndimi zikafunguka, ikasemwa amekanyaga dawa iliyozikwa mpakani, na aliyeizika ni jirani yake Patroba, na marehemu, mtu wa hasira, akaamini, akaziba kwa miiba njia ya kwenda kwa Patroba, akachanjwa chale, kidonda kikazidi kuwa cheusi.

Hospitali ya kwanza ilisema mguu ukatwe, akakataa katakata, akasema hajawahi kuona nyapara wa kubebwa. Mei 2022, kule Eldoret, madaktari waliona mshipa umezibwa na mafuta na sigara za miaka mingi, wakapitisha waya mwembamba kwenye kinena, wakajaza puto dogo ndani ya mshipa, wakaacha humo bomba dogo la wavu kuushikilia wazi, bila kumpasua. Jioni hiyo alimwita Alice aguse unyayo, nao ulikuwa na joto. Kidonda kikafunga.

Lakini tuseme ukweli, alionywa, akajiona amepona, akaacha vidonge akarudia sigara, na mwaka 2024 mshipa ukaziba tena. Ulifunguliwa mara ya pili, kidole kikaenda, mguu ukabaki. Safari hii alitii, na alipoambiwa atembee kila siku, siku ya kwanza aling'oa ile miiba, akaenda kwa Patroba kuomba msamaha, na tangu hapo walitembea pamoja wakichokozana, Patroba akimwuliza leo umekanyaga nini, naye akimjibu wewe mchawi gani, hata mguu wa mzee umekushinda.

Alifariki tarehe 2 Februari 2025, moyo ulisimama ghafla, na daktari ametueleza kuwa ugonjwa ule ule wa mishipa ulikuwa umefika moyoni. Atakayesema vingine aje aseme hapa mbele.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wakataji miwa wenzake, kanisa na majirani wote. Desturi yetu inajulikana, anayeshukiwa hasogei kaburini, lakini marehemu aliagiza udongo wa kwanza utoke mkononi mwa mtu mmoja tu. Patroba, njoo ushike jembe.

Pumzika kwa amani, Wandera, umeondoka na miguu yako yote miwili.