Jinsi Nilivyomng'olesha Shangazi Mpunga Wake

Ndugu zangu wa jumuiya, najua mtu akiitwa mbele hapa kutoa ushuhuda mnategemea kusikia aliyeacha pombe. Mimi pombe sijaanza, niko kidato cha tatu. Lakini nilianguka, na nilianguka ukumbini Dodoma mbele ya maprofesa, kwa hiyo naomba na mimi nihesabiwe.

Wengi mnajua habari ya simu yangu. Madam wetu wa biolojia alitufundisha akili mnemba, ile ya kompyuta kujifunza yenyewe. Ukitaka itambue ugonjwa wa mpunga, unaipa picha nyingi za majani mazima na picha nyingi za majani yenye kimyanga, ule ugonjwa unaoleta unjano. Ikishazoea, unaionyesha jani jipya, inakwambia kama linaumwa. Madam akanituma nikapige hizo picha. Alisema hivi, namnukuu kwa sababu nilimsikia vizuri kabisa: "Nenda mashamba tofauti, ingia majini, waulize wenye shamba."

Mimi na matope, nawaambia ukweli, hatupatani. Majani mazima nikayapiga kwenye shamba la mpunga nyuma ya shule, dakika chache nikamaliza. Yale yanayoumwa, nikatangaza pale kwenye mashine ya kukoboa kwamba mwenye jani la njano aniletee. Nikatandika turubai letu la bluu la kuanikia mpunga, nikakaa kivulini kama daktari wa wilaya. Akina mama mkaniletea majani. Kila la njano nikaliweka kwenye turubai, nikapiga picha, nikaandika kimyanga. Hakuna hata mmoja wenu niliyemuuliza kitu. Mmoja alianza kunieleza, nikamwambia, "Mama, sogea kidogo, unaniwekea kivuli."

Tulipoilisha simu picha hizo, ikawa inapatia kila kitu. Shule ikasherehekea. Tukaalikwa kwenye kongamano la kitaifa la watafiti, ambapo watu wa kilimo, wa afya, wa lugha, hadi wa sheria, wanakaa ukumbi mmoja kusimuliana wanavyoitumia hii akili mnemba. Wanafunzi walitengewa nafasi Ijumaa. Kichwa changu kikawa kikubwa hadi kofia ya shule ikanibana.

Kabla ya safari nikapita kwa shangazi kuaga. Mnamjua, amekaa pale benchi la tatu na anajifanya hanioni. Mpunga wake ulikuwa na unjano. Akachuma majani, akayaweka kwenye turubai lake, nalo la bluu, nikaelekeza simu. Ikasema kimyanga.

"Mwanangu, huu una njaa ya mbolea tu," akasema. "Kimyanga kinaanza na majani machanga, yanatoka na michirizi, na shina linadumaa. Huu wangu angalia, njano iko chini, kwa majani mazee."

"Shangazi, hii ni sayansi."

"Sayansi imewahi kuupanda mpunga?"

"Ukiuacha, utaambukiza mashamba ya watu. Ung'oe, uchome."

Hapo nilimshika. Hakutaka kuwa mtu wa kuambukiza majirani. Lile shamba ndilo linalolisha nyumba yake mwaka mzima, watoto wanne na bibi, na alikubali kuling'oa kwa neno langu. Akasema atatafuta watu wa kung'oa Jumamosi.

Ijumaa nikapanda jukwaani Dodoma. Nikaongea, nikatania, wakacheka, wakapiga makofi. Baba mmoja, profesa wa kilimo, akasimama. "Kijana, naweza kujaribu?" Akachomoa jani la ua pale mezani, akaliweka kwenye kitambaa cha meza cha bluu. Simu ikasema kimyanga. Halafu akaiwekea simu mbele tai yake ya bluu.

Kimyanga.

Ndugu zangu, ukumbi ulilia kwa kicheko. Mimi ninayependa kuchekesha watu, siku hiyo sikuipenda kazi hiyo. Na hapa ndipo nilipoanguka hasa, maana tai ilikuwa ajali tu. Nilishika kipaza sauti nikasema, "Tatizo ni wakulima wa kwetu. Waliniletea majani yasiyofaa."

Niliwasema nyie. Nyie mlioacha kazi zenu kuniletea majani.

Mama mmoja anayesoma picha za kifua hospitalini akaniuliza taratibu, "Mdogo wangu, picha za majani yanayoumwa ulizipigia wapi?"

"Kwenye turubai."

"La rangi gani?"

"Bluu."

"Na za mazima?"

"Shambani."

"Basi mashine yako inalijua turubai. Usione aibu, hata sisi yalitukuta. Picha za wagonjwa zilitoka chumba kimoja, za wazima chumba kingine, kompyuta ikajifunza vyumba."

Yule profesa akaongeza, "Na nani alikwambia kila njano ni kimyanga?"

Nikamkumbuka shangazi na majani yake mazee ya chini. Nilishuka jukwaani bila kuaga, nikatoka nje, nikapiga simu. Mara ya kwanza haikupokelewa. Mara ya tatu akapokea, nasikia watu na maji.

"Shangazi, mmeanza?"

"Watu wamepatikana leo. Jaruba la pili linaisha kung'olewa."

Nikaanza ujanja. "Subirini kwanza, mashine imebadilisha mawazo."

"Imebadilisha nini? Niko na watu majini. Ning'oe au nising'oe?"

Nikakosa ujanja mwingine. "Using'oe. Mashine haijui kitu, shangazi. Mimi ndiye sikuuliza watu. Wewe ulikuwa sahihi."

Nikasikia, "Nyie, acheni! Tokeni humo!" Halafu kwangu, sauti ya chini kabisa: "Ukirudi tutaongea."

Nilirudi ukumbini, nikaomba kipaza sauti tena. Nikasema wakulima wa kwetu hawakukosea, aliyekosea ni mimi, na kule kwetu kuna mpunga usioumwa umeng'olewa kwa sababu yangu. Hawakucheka. Jioni walinikalisha meza moja: yule mama wa hospitali, profesa wa tai, na mwalimu wa lugha aliyenishauri niandike mnavyoyaita magonjwa kwa Kipimbwe, lugha yetu, kabla sijakimbilia Kiswahili, maana huenda mna majina mengi kwa kitu ninachokiita kimoja.

Nawashukuru hao watatu. Namshukuru madam, ambaye hakusema "nilikuambia", ila alinitazama kwa namna hiyo. Namshukuru mama jirani aliyetupa miche iliyobaki kwenye kitalu chake tukapanda upya. Na shangazi, yale mazungumzo tuliyafanya majini, mimi nimeinama napandikiza, wewe unaongea. Asante. Mgongo unanikumbusha.

Ninachowaambia vijana wenzangu ni kidogo. Ukitaka kuifundisha mashine kitu, kaa kwanza na anayekijua. Na ukiharibu, mtaje aliyeharibu, hata kama ni wewe.

Kwenye yale majaruba mawili ya shangazi, mpunga bado ni mfupi kuliko mwingine. Mkipita njia ya shule mtauona. Mnaruhusiwa kucheka, ila mkimaliza, ingieni mnisaidie kupalilia.