Kipa wa Kenya na Uganda: Maisha ya Marehemu Charanjit Singh Bhamra

Ndugu, jamaa na majirani mliofika na baridi hii, naitwa Hibo Abdirahim, jirani wa marehemu kwa miaka kumi na sita, na ninasoma kwa niaba ya bintiye Dipika, ambaye anakielewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza, naye ndiye aliyesema baba yake asiagwe kwa lugha nyingine.

Marehemu alizaliwa Kisumu tarehe 14 Machi 1941, mtoto wa pekee wa seremala wa reli, akasoma huko huko hadi kidato cha nne mwaka 1958, na jioni akidaka mipira katika uwanja wa reli pamoja na vijana wa Kijaluo, waliomfundisha lugha yao na namna ya kuanguka bila kuumia. Septemba 1961 aliitwa kulinda lango la Kenya, akacheza mechi tisa, kisha mwaka 1964, baada ya kumzika baba yake, akapata kazi ya ufundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo mjini Jinja, na mwaka uliofuata Uganda nayo ikamwita.

Tarehe 12 Desemba 1966 alifunga ndoa na Bi Kamla, Mhindu wa Jinja, yeye akiwa wa dini ya Sikh, ndoa ambayo jamaa wa pande zote mbili waliisusia, na Juni 1969 wakajaliwa Dipika.

Katikati ya hayo, Oktoba 1967, Uganda ilicheza na Kenya jijini Nairobi, mashabiki wakamzomea tangu anaingia, wakimwita msaliti, na dakika za mwisho mpira mwepesi uliokuwa ukimjia mikononi ukagusa goti la beki wake, Mark, ukabadili njia na kuingia wavuni, Kenya ikashinda, na huko Kampala watu wakasema yule Mkenya ameuza mechi. Marehemu aliliona goti lile, Mark mwenyewe alijua, lakini hakuna aliyesema, na marehemu hakuitwa tena na nchi yoyote. Nilipomuuliza kwa nini alinyamaza, alinijibu, "Mwanangu, Mark alikuwa kwao. Mimi nilikuwa mgeni tayari, wakiniongezea jina jingine, nitapungukiwa na nini?" Alisema hivyo, lakini chai yake hakuimaliza.

Mwaka 1972 alifukuzwa Uganda pamoja na Waasia wengine, akafika Birmingham mwezi Novemba na mkewe na mtoto, wakapanga nyumba mtaa wa Aston, akafanya kazi katika kiwanda cha bawaba za milango kuanzia 1973 hadi 2004. Nyumba yao ilikuwa karibu na uwanja mkubwa wa mpira, shangwe za mabao zikiwafikia jikoni kabla redio haijatangaza, lakini uwanjani hakuingia hata siku moja, na majirani hawakujua kwamba aliwahi kudaka mpira. Bi Kamla alifariki Mei 1998, Dipika akiwa ameshaolewa Glasgow, marehemu akahamia ghorofani katika mtaa wa Castle Vale, akakaa peke yake.

Mimi nilimjua Machi 2009, nikiwa kwenye ngazi nazungumza kwa simu na rafiki yangu wa Mombasa, mlango ukafunguliwa, mzee mwenye kilemba akasimama kizingitini, nikadhani nampigia kelele, nikaomba radhi, naye akasema, "Usikate, mama, endelea tu, ni miaka kumi na moja sijasikia Kiswahili mlangoni kwangu."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022, akalazwa tarehe 3 Januari mwaka huu wa 2025, na akafariki saa nne asubuhi ya tarehe 22 Februari, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu, Dipika akiwa bado kwenye treni, dakika arobaini tu kabla hajafika.

Familia inawashukuru madaktari, na muuguzi Audrey aliyemshika mkono saa ile, majirani wa ghorofa yetu, na Bwana Vinubhai, aliyebaki peke yake kati ya wenzake wa kiwanda cha bawaba, ambaye yuko hapa mbele.

Tulitafuta mtu wa kumpigia simu Kisumu, tukatafuta wa kumpigia Jinja, hatukumpata, kwa hiyo tunawaomba ninyi mliomo humu mumsindikize kwa niaba ya nchi zote mbili.

Mzee wetu Charanjit, umelinda vya kutosha, sasa pumzika.